Msafiri Mwenye Mioyo Miwili

Wahenga walisema tembea uone, wakanyamaza. Hawakusema msafiri ataona nini, wala hawakuahidi kuwa atakachokiona kitampendeza. Kwa kuwa neno lao ni fupi, wengi wamelijaliza kwa matakwa yao wenyewe. Mwenye tamaa ya mali husikia tembea utajirike; mwenye tamaa ya sifa husikia tembea usifiwe; na aliyechoshwa na kwao husikia tembea usahau. Lakini jicho halichagui. Hupokea uzuri na ubaya kwa mlango mmoja. Uchaguzi hufanywa na ulimi, nao hufanywa baadaye, msafiri akisharejea nyumbani na kuulizwa habari za huko alikokwenda. Hapo ndipo ukweli wa safari huokoka au huangamia.

Ukonga ni mahali pafaapo kulifikiria jambo hili. Kitongoji hiki kimo katika wilaya ya Ilala, mbali na kitovu cha Dar es Salaam, kando ya barabara iendayo Pugu. Watu wa mbali hulijua jina lake kwa sababu ya gereza. Wenyeji hulijua kwa vituo vyao vya daladala, Banana, Mazizini na Mombasa, na kwa vumbi la kiangazi na matope ya masika. Uwanja wa ndege u jirani. Ndege zitokazo nchi za mbali hupita juu ya mabati zikishuka, na sauti yake hukata mazungumzo ya watu barazani mpaka zipite. Mtoto wa Ukonga huona tumbo la ndege kabla hajajua kusoma jina lililoandikwa ubavuni mwake. Kwake safari si hadithi ya kale bali ni kelele ya kila siku. Walakini idadi ya wanaoisikia kelele hiyo ni kubwa, na idadi ya wanaoipanda ni ndogo.

Kijana mmoja wa mahali hapo, mwenye umri wa miaka 24, alibahatika kuwa miongoni mwa wachache. Hakuwa tajiri wala mwanafunzi wa masomo ya ng'ambo. Shangazi yake alikuwa na duka la nguo za watoto na mapazia Kariakoo, na kwa miaka mingi alikuwa akienda Guangzhou, kusini mwa China, kununua bidhaa. Miguu yake ilipoanza kumwuma alitaka mtu wa kumbebea mizigo na kumhesabia mafurushi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2023 alimwita mpwa wake.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, baba. Unayo pasi ya kusafiria?”

“Ninayo, shangazi, lakini haijagongwa muhuri hata mmoja.”

“Basi itagongwa. Siku nne utakuwa wangu, siku tatu utakuwa wako. Ila usije ukanipotea huko. Sitakuwa na la kumwambia kaka yangu.”

Kijana aliazima shanta ya jirani yake aliyepata kuwa askari. Akatia ndani yake nguo chache, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kanzu moja na pakiti ya majani ya chai. Watu wengi hupeleka masanduku matupu Guangzhou ili wayarudishe yamejaa. Yeye alitaka mgongo wake uwe mwepesi, apate kutembea katika siku zake tatu kama watembeavyo vijana wa nchi nyingine, ambao huizunguka dunia na mali yao yote mabegani.

Walipitia Addis Ababa, wakafika usiku. Ni vigumu kueleza ukubwa wa mji ule kwa mtu ambaye kipimo chake ni Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 5.38 katika mkoa wa Dar es Salaam, na wakazi wake huona kuwa wamebanana. Sensa ya China ya mwaka 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 18 katika Guangzhou peke yake. Mnara wa mji huo, uliokamilika mwaka 2010, una urefu wa mita 600. Njia za treni za chini ya ardhi, zilizoanza kazi mwaka 1997, zilikuwa zimepita kilomita 600 wakati kijana huyu alipozipanda. Alihesabu dakika baina ya treni moja na nyingine, akazikumbuka asubuhi alizosimama kituoni Banana akiziona daladala za Gongo la Mboto zikipita zimejaa, makondakta wakining'inia mlangoni. Aliona furaha na uchungu kwa wakati mmoja. Alifurahi kwamba jambo kama lile limewezekana duniani. Aliona uchungu kwamba halikuwa limewezekana kwao.

Siku nne za kazi zilikwenda upesi. Katika soko la nguo la Baima shangazi alinunua bila kujua Kichina zaidi ya maneno kumi. Lugha ya biashara ilikuwa kikokotoo: muuzaji huandika bei, mnunuzi huifuta na kuandika yake, muuzaji hucheka kwa dharau, mnunuzi hugeuka kama aendaye zake, kisha huitwa. Kijana alistaajabu kuona mwanamke ambaye nyumbani hulalamikia ngazi tatu akipanda ghorofa sita kwa ajili ya kupunguziwa yuan mbili. Hapo heshima yake kwa shangazi iliongezeka. Alifahamu kwamba kila gauni dogo lililotundikwa Kariakoo lina safari nyuma yake, na kwamba mji mkubwa haukumpa mama yule kitu chochote bure.

Siku ya tano akawa huru. Alimwacha shangazi katika mtaa wa Xiaobei, ambako wafanyabiashara wa Kiafrika na Waarabu wamezoea kufikia na ambako mtu hukosa kushangaa akisikia Kiswahili dukani. Akavuka mji na shanta yake kutafuta nyumba ya wageni ya bei nafuu aliyokuwa ameisikia. Ramani aliyoizoea katika simu yake haikufanya kazi nchini humo. Fedha zake za noti zilipokewa kwa mashaka na wachuuzi waliozoea kulipwa kwa simu. Alipofika, mtu wa mapokezi aliitazama pasi yake, akamtazama uso, akaandika maneno machache katika chombo cha kutafsiri na kumgeuzia: hawapokei wageni wa nchi za nje. Mvua ya manyunyu ilikuwa ikinyesha. Kijana alisimama mlangoni asijue kama amekataliwa kwa sheria ya nyumba ile au kwa rangi yake. Kama angalijua kuwa ni sheria, angaliondoka kwa utulivu. Kama angalijua kuwa ni rangi, angaliondoka kwa hasira. Kwa kuwa hakujua, aliondoka na vyote viwili.

Kutojua huko ndiko mzigo mzito kuliko yote anaoubeba mtu mweusi katika mji wa ugeni. Abiria anapoinuka katika kiti cha karibu naye, huenda amefika kituo chake, na huenda amekimbia. Mtoto anapoizigusa nywele zake na kucheka, huenda ni mapenzi, na huenda ni maajabu ya kumwona mnyama asiyemjua. Mwenyeji hana haja ya kuyauliza maswali hayo. Mgeni huyauliza mara mia kwa siku, na jioni huwa amechoka kwa uchovu usiotokana na miguu.

Tena kijana hakuwa mwepesi wa kudhani mabaya bila sababu. Alikuwa amesikia yaliyotokea mjini humo mwezi wa Aprili mwaka 2020, wakati wa maradhi ya Uviko-19. Waafrika wengi walitolewa katika nyumba walizopanga na katika mahoteli, wakalazimishwa kupimwa na kujitenga, wakiwamo watu ambao hawakuwa wamesafiri popote. Wako waliolala nje, mabegi yao pembeni. Mabalozi wa nchi za Afrika mjini Beijing waliandika barua ya malalamiko. Serikali ya China ilikana ubaguzi, ikasema kwamba wageni wote hutendewa sawa. Baadhi ya wafanyabiashara waliorudi Kariakoo walilisimulia jambo hilo kwa sauti ya chini, kisha njia zilipofunguliwa wakaenda tena. Biashara haina kisirani.

Walakini jioni ile ile ya manyunyu haikumalizika kwa kisa cha mlango uliofungwa. Simu ya kijana ilikuwa imezimika, na njia ya kurudi kituoni ilikuwa imempotea. Mzee mmoja aliyekuwa akifunga kibanda chake cha matunda alimwona akizunguka. Hawakuwa na hata neno moja la pamoja. Kijana alichora treni kwa kidole kiganjani; mzee akacheka, akachukua mwavuli, akamshika mkono kama ashikwavyo mtoto, akaenda naye mwendo wa robo saa mpaka mlango wa kituo. Kijana alitoa noti. Mzee aliusukuma mkono wake, akageuka, akarudi mvuani.

Je, mji ni yupi? Ni yule mtu wa mapokezi, au ni mzee wa mwavuli? Akili ivivu hupenda kuchagua mmoja na kumsahau wa pili. Usiku ule kijana alijaribu kuchagua akashindwa.

Hakuwa wa kwanza kushindwa. Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier nchini Moroko, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Miaka kama kumi na mitano baadaye, kwa maelezo yake, alifika katika mji huu huu wa kusini mwa China, aliouita Sin Kalan. Wako wataalamu wanaotilia shaka kama alifika kila mahali alipopataja katika nchi hiyo. Hata hivyo, moyo aliouacha wazi katika kitabu chake ni moyo wa msafiri wa kweli. Aliisifu China kwa usalama wa njia zake, kwa vyombo vyake vya kauri na kwa ustadi wa mafundi wake. Kisha akakiri kwamba pamoja na uzuri wote huo nchi haikumpendeza, kwa kuwa aliyoyaona nje yalimhuzunisha hata akapenda kukaa ndani, na alipokutana na Waislamu wenzake alifurahi kama aliyekutana na jamaa zake. Mtu aliyeiona dunia kuliko karibu watu wote wa zama zake hakuona haya kusema kuwa ameshangazwa na ameumia. Sifa yake haikupungua kwa hayo.

Kijana naye alipata nafuu mahali kama pale pale. Siku ya Ijumaa alivaa kanzu yake, akaenda kuswali karibu na kaburi ambalo Waislamu wa Guangzhou husimulia kuwa ni la sahaba Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria wengi husema sahaba huyo alifia karibu na Madina. Lakini watu waliojaa bustanini siku hiyo hawakuja kwa ubishi wa tarehe. Walikuwako Wachina wenye kofia nyeupe, Waarabu, watu wa Mali na Niger, Wasomali, na mwanamume mmoja wa Tanga aliyemkumbatia kijana kwa kuisikia tu salamu yake. Mji huo una msikiti mwingine mkongwe, Huaisheng, ambao mnara wake wasimulizi husema uliwaongoza mabaharia kama taa. Kijana alifahamu kwamba mji ulioonekana mgeni kwake ulikuwa umezoea wageni kwa karne nyingi, na kwamba bahari iliyoupeleka mchele na kauri Kilwa, na mwaka 1415 ikampeleka twiga wa Malindi kwa mfalme wa China, ni ile ile iliyoko nyuma ya Kigamboni.

Aliporudi Ukonga maswali yalimngoja kabla hajashusha shanta. Binamu yake, mwana wa mama yake mdogo, alikuwa amerithi kiwanja Kitunda, naye alikusudia kukiuza ili apate nauli na mtaji wa kwenda kujaribu bahati huko huko Guangzhou. Alitaka kusikia neno moja tu: niende au nisiende. Shangazi alimwonya kijana mapema.

“Ukisema mabaya, mwanangu, watu watasema umeshindwa safari. Ukisema mazuri, watakuomba viatu.”

“Nami niseme nini, shangazi?”

“Sema kuna barabara nzuri. Hilo halina ugomvi.”

Shauri hilo lilikuwa la busara ya dukani, na wengi wamelifuata. Mtu aliyelala nje hurejea akasimulia ghorofa. Aliyetukanwa hurejea akasimulia treni. Aliyefilisika huonyesha picha aliyopiga chini ya mnara. Hafanyi hivyo kwa uovu. Hufanya hivyo kwa sababu fedha ya watu imo katika safari yake, na fedheha ni deni gumu kulilipa. Lakini nusu ya habari ina gharama, na aghalabu anayeilipa si aliyeisema. Hulipwa na kijana wa pili, aliyeuza kiwanja kwa kuisikia nusu ile, akafika mji wa watu akiwa hajui kuwa milango hufungwa.

Kuna nusu nyingine pia, nayo ina madhara yake. Wako warejeao na kusimulia dharau tupu, wakawajaza wenzao chuki, mpaka kila Mchina apitaye Kariakoo akawa mtuhumiwa. Mwaka 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo za kurekebisha simu na kutuma fedha kwa simu. Nchi ina haki ya kulinda riziki ya watu wake, na manung'uniko ya wachuuzi hayakuwa ya bure. Lakini sheria ya biashara ni jambo moja, na dharau kwa mtu ni jambo jingine. Watoto wanaomfuata fundi wa Kichina mtaani wakimwigizia lugha yake kwa kelele za pua hawajui kuwa wanamtwisha mzigo ule ule alioubeba kaka yao katika treni za Guangzhou.

Ukonga ina mwalimu wa somo hili, naye hasemi. Huko Majohe, upande wa Gongo la Mboto, kuna makaburi ya wataalamu wa Kichina waliokufa Tanzania, wengi wao katika kazi ya reli ya Tanzania na Zambia. Reli hiyo, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilijengwa baina ya mwaka 1970 na 1975. Waliozikwa hapo ni zaidi ya 60. Rais Xi Jinping wa China aliyazuru makaburi hayo mwezi wa Machi mwaka 2013, na kila mwaka, katika majira yao ya kuzuru wafu, Wachina walioko Dar es Salaam hupeleka maua. Siku nyingine watu wa mtaani hupita kando ya ukuta wake wakiwahi shughuli zao.

Kijana alikuwa amepita hapo tangu utoto bila kuingia. Majuma machache baada ya safari aliingia. Aliona mawe yaliyopangwa safu kwa safu na majina yaliyoandikwa kwa herufi za mahali ambako yeye alikuwa amepotea. Alifikiri kuwa watu wale nao walishuka siku moja katika mji wa joto na lugha wasiyoijua, wakatazamwa kwa mshangao, wakaogopa chakula, wakaikumbuka mvua ya kwao. Bila shaka walikuwako wenyeji waliowacheka, na walikuwako waliowapa maji. Kisha ardhi ya Ukonga ikawapokea bila kuwauliza pasi. Hakuna mgeni anayekaribishwa kabisa kama yule anayepewa kaburi. Lakini ni karibisho linalochelewa, na mwanadamu huhitaji lile la mapema.

Basi binamu alipokuja mara ya pili kijana alimwambia yote. Alimweleza treni na mlango uliofungwa, soko na kikokotoo, kiti kilichoachwa wazi na mwavuli wa mzee, Ijumaa ya bustanini na Aprili ya mwaka 2020. Hakumwambia nenda, wala hakumwambia usiende. Binamu alikasirika kidogo, akasema amekuja kuomba shauri amepewa hadithi. Akaondoka bila kueleza kiwanja atakifanyaje. Lakini aliondoka akiwa na mji mzima mikononi, si nusu yake, na uamuzi wowote atakaoufanya utakuwa wake.

Watu humdhania mwenye mioyo miwili kuwa mnafiki au mwoga. Katika mambo ya safari si hivyo. Mnafiki ni yule mwenye moyo mmoja wa kuonyesha na mwingine wa kuficha. Msafiri mkweli huionyesha yote miwili. Mji mkubwa haumdai mgeni mapenzi, wala haumdai chuki; wala nyumbani hakumdai aseme kwamba kwao ni kubaya au ni kuzuri kuliko kwingine. Kinachodaiwa kwake ni kidogo, nacho ni kigumu: kwamba alichokiona kwa macho mawili asikisimulie kwa jicho moja. Wahenga waliposema tembea uone waliacha nafasi ya neno la pili, na kila msafiri hulijaza mwenyewe. Lifaalo zaidi ni kusema yote aliyoyaona.